Difu Iliyokunywa Mto

Kila Jumamosi alasiri pikapu nyeupe ya Mzee Khalifa iliingia uani kwao Majimbo, mjini Embu, huku ikinuka mbuzi. Mbuzi wenyewe walikuwa wameshashushwa zizini, nje kidogo ya mji. Kilichobaki nyuma ya gari ni samadi, majani yaliyokanyagwa, na ile harufu ambayo mtu aliyewahi kufuga hahitaji kuelezwa. Kazi ya kuviondoa vyote vitatu ilikuwa ya Zuleka.

Zuleka alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Saba na binti pekee wa Mzee Khalifa, ambaye alikuwa na bucha karibu na soko. Kazi yake hiyo haikuwa na njia ya mkato: madumu manane ya maji kutoka mfereji wa uani, sabuni ya unga, burashi ngumu na mgongo wa kuinama. Mzee Khalifa alikuwa mpole kwa mambo mengi, lakini kwa usafi hakuwa na mswalie Mtume.

"Gari linalobeba mbuzi leo ndilo litakalobeba nyama ya watu kesho," alizoea kusema. "Mtu akiumwa tumbo kwa nyama yangu, nitamtazama kwa macho gani?"

Zuleka hakuwa mtu wa madumu na burashi tu. Alikuwa na jicho la mbuzi. Babake alimfunza kutazama ufizi, kupapasa uti wa mgongo na kusikiliza pumzi. Siku alizokwenda Ishiara kununua mbuzi pamoja na binamu yake Nurudin, dereva wa pikapu, hakuna mfugaji aliyeweza kumpa mbuzi mgonjwa kwa kudhani kampata mtoto. Mzee mmoja wa huko, jina lake Kivuti, aliwahi kumwambia Nurudin, "Huyu msichana akija, mimi naficha wale wabaya mapema."

Basi mwezi wa tano ukaja na matope yake. Gari likawa linarudi limepakwa udongo mwekundu juu mpaka chini, na madumu manane yakawa kumi na mawili. Jumamosi moja, wakiwa wamemaliza kushusha mbuzi zizini, Zuleka alisimama akautazama mto uliopita nyuma ya zizi hilo. Maji yalikuwa mengi na ufuo wake ulikuwa wa changarawe, mahali pazuri pa kuteremkia. Wazo likamjia, na lilikuja limevaa nguo za akili.

"Nuru," alisema, "kwa nini sisi tubebe maji kuyapeleka kwa gari, na gari lenyewe lina magurudumu?"

Nurudin alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na jioni hiyo kulikuwa na mechi ya kandanda aliyotaka kuiona. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akalirudisha gari kinyumenyume mpaka mtoni, polepole, hadi maji yakafunika nusu ya magurudumu ya nyuma. Zuleka akapanda nyuma na burashi yake. Alichota maji pale pale, akasugua, akamwaga. Dakika ishirini hazikuisha, gari likawa linang'aa.

Mzee Khalifa aliporudi kutoka bucha alizunguka pikapu mara mbili, akapitisha kidole kwenye pembe ambako uchafu hupenda kujificha. "Leo umeliosha likaoshika," alisema. "Mwanangu, kazi yako naionea fahari."

Zuleka alizipokea sifa hizo akiwa ametazama chini. Alitaka kusema, lakini sifa ni tamu, na ulimi ulio na utamu haufunguki upesi. Jumamosi iliyofuata wakarudi mtoni. Na iliyofuata tena. Mara tatu walifanya hivyo, na mara tatu Mzee Khalifa alisifu.

Siku ile ya tatu, walipokuwa wakipanda kilima kurudi nyumbani, gari lilianza kulia. Haikuwa injini. Sauti ilitoka nyuma, chini ya miguu ya mbuzi wangekuwapo mbuzi, sauti nyembamba ya kuvutika: uuuuu. Nurudin alipopunguza mwendo nayo ilishuka. Alipokanyaga mafuta, ikapanda.

"Umeisikia hiyo?" Zuleka aliuliza.

"Ni barabara," alijibu Nurudin, akaongeza sauti ya redio. Lakini barabara ilikuwa ya lami, tena mpya, na wote wawili walijua.

Sasa ingekuwa wiki nyingine yoyote, jambo hilo lingengoja. Lakini Idd ya kuchinja ilikuwa Jumatano. Jamaa kumi na nne za Embu zilikuwa zimemwagiza Mzee Khalifa mbuzi wa Idd, naye alikuwa ameenda Ishiara mwenyewe, akachagua kumi na wanne, akawaacha kwa Mzee Kivuti walishwe vizuri mpaka Jumanne. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza kuaminiwa namna hiyo. Kila mteja alikuwa amempa mkono na kumwambia, "Jumanne alasiri, inshallah." Na magari mengine ya mizigo mjini yalikuwa yameshakodiwa tangu wiki iliyotangulia.

Jumapili Mzee Khalifa aliendesha pikapu mwenyewe, akasikia ile sauti. Uso ulimbadilika. Alimwita Ndwiga, dereva wa lori aliyekuwa jirani yao, akamzungusha mtaani mara moja. Ndwiga hakushuka hata kutazama chini ya gari.

"Hiyo difu ya ekseli ya nyuma imekwisha, Mzee," alisema. "Meno ya gia zake yameliwa. Agiza ekseli nzima ya nyuma kutoka Nairobi. Kama una bahati itafika Ijumaa."

Jioni hiyo hakuna aliyekula vizuri. Mamake Zuleka, Bi Mwanamisi, aliuliza kama lawama ni za dereva. Mzee Khalifa akatikisa kichwa. "Kosa ni langu mwenyewe," alisema. "Nimelipakia mbuzi kupita kiasi miezi hii yote. Tamaa yangu ndiyo iliyolivunja." Nurudin alitazama sahani yake. Zuleka aliweka tonge chini. Hakujua kama mto ulihusika. Alijua tu kwamba babake alikuwa akijishtaki kwa kosa ambalo huenda si lake, na yeye alikuwa amenyamaza.

Baadaye kidogo alimfuata Nurudin mlangoni. "Nuru, tumwambie."

"Tumwambie nini?" Nurudin alinong'ona. "Maji yataharibu chuma? Lori huvuka mito kila siku. Wewe fyata ulimi, haya yatapita."

Jumatatu saa kumi, Zuleka akitoka shuleni, aliiona pikapu imesimama katika gereji ya Fundi Felicitas, iliyo chini ya barabara ya kuingilia Majimbo. Babake alikuwa amesimama kando yake na simu mkononi. Nurudin alikuwa ameegemea ua wa mabati. Zuleka aliingia na mkoba wake wa vitabu mgongoni, akasalimia.

Fundi Felicitas alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye mikono ya nguvu na ovaroli iliyosahau rangi yake ya kwanza. Alijifunza ufundi kwa babake huko Runyenjes, na madereva waliomcheka mwanzoni sasa walikuwa wakipanga foleni kwake. Alikuwa ametoka kuliendesha gari mpaka njia panda na kurudi, dirisha wazi, redio imezimwa.

"Inalia kweli," alisema akifuta mikono. "Sasa, Baba Zuleka, sikia. Kama ni meno yameliwa, kumwaga oili ni kujisumbua bure. Hapo itabidi uagize hiyo ekseli, na huyo mtu wa Nairobi anayeuza vipuri amesema gari la mizigo linalofika huku Ijumaa linaondoka leo saa kumi na moja. Lakini kuna sauti nyingine inafanana na hiyo. Difu ikiingia maji, oili inaharibika, inashindwa kulainisha, na hapo inaanza kulia kabla meno hayajaisha. Hiyo mtu anaweza kuiwahi. Kwa hivyo nakuuliza: hii gari imeingia maji?"

"Haijaingia," alijibu Mzee Khalifa bila kusita. "Njia ya Ishiara haina mahali pa kuvuka mto. Na kuliosha, linaoshwa nyumbani kwa madumu. Ni huyu binti yangu analiosha. Mimi mwenyewe nalikagua, na sijaona mtu anayefanya kazi safi kama yeye."

Akamwekea Zuleka mkono begani aliposema hivyo. Kisha akainua simu kutafuta nambari ya mtu wa Nairobi.

Zuleka alimtazama Nurudin. Nurudin alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Mkono wa babake ulikuwa mzito begani pake. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Ekseli mpya ingefungwa Ijumaa, ya zamani ingetupwa, na siri ingetupwa nayo. Lakini Jumatano ingefika bila mbuzi, na babake angepita nyumba kumi na nne akiomba msamaha kwa tamaa ambayo hakuwa nayo. Akapiga moyo konde.

"Baba, usipige," alisema. "Limeingia maji."

Mzee Khalifa alisimamisha kidole juu ya simu. "Umesema?"

"Sikuliosha kwa madumu. Tuliliingiza mtoni, kule nyuma ya zizi. Wazo lilikuwa langu."

 Kijana aliyekuwa akigonga bodi ya gari upande wa pili aliacha nyundo hewani.

"Mara ngapi?" Mzee Khalifa aliuliza.

"Tatu."

"Na mimi nilikusifu mara ngapi?"

"Tatu, Baba." Machozi yalimlengalenga, lakini hakuyafuta wala hakujificha nyuma yake.

Nurudin aliondoka kwenye mabati akaja mbele, uso umemshuka. "Ami, yeye alisema tu. Mimi ndiye nilikuwa na usukani. Na mimi ndiye nilimwambia anyamaze."

Mzee Khalifa aliwatazama wote wawili, akarudisha simu mfukoni. Kabla hajasema neno, Fundi Felicitas aliingilia. "Mkitaka kuchapana makofi, mtachapana kesho. Mimi nimefurahi. Maji ni habari njema kuliko meno. Iliingia majini ikitoka wapi?"

"Ishiara moja kwa moja," alijibu Zuleka. "Tulishusha mbuzi, halafu tukaingia."

"Basi hiyo ndiyo ilimaliza kila kitu." Fundi alichuchumaa na kuonyesha kile kitungi cha chuma kilichoning'inia katikati ya ekseli ya nyuma. "Hii ndiyo difu. Ikitoka safari inakuwa moto kama sufuria. Ina kibomba kidogo hapo juu cha kupumulia. Ukiitia maji baridi ghafla, inavuta pumzi ndani. Kama hicho kibomba kimezibwa na matope, inavuta maji kupitia kwa sili, zile pete za mpira za kuzuia oili. Lori linavuka mto na kwenda zake. Nyinyi mliiweka gari dakika ngapi?"

"Ishirini," alisema Nurudin kwa sauti ndogo.

"Ishirini. Ilikunywa ikashiba." Akamgeukia Zuleka. "Wewe msichana, weka mkoba. Kuna ovaroli ya mtoto wangu Mutugi hapo ndani, vaa. Uliyeipeleka mtoni ndiye utaingia chini yake."

Gari liliachwa kwenye sehemu tambarare, mawe yakawekwa mbele na nyuma ya magurudumu. Nurudin alipotaka kuleta jeki, fundi alimzuia. "Ukiinua upande mmoja, oili inalala upande mwingine, na utadhani imejaa kumbe haijajaa. Gari likae sawa." Zuleka akalala chali juu ya kipande cha katoni, akajivuta mpaka chini ya ekseli. Fundi Felicitas alijivuta upande wa pili. Chuma kilikuwa bado na joto la ile safari ya njia panda.

Palikuwa na vizibo viwili, kimoja chini kabisa na kingine juu kidogo, ubavuni. Zuleka akashika spana akaenda moja kwa moja kwenye cha chini.

"Simama hapo hapo," alisema fundi. "Kila mtu anafanya hivyo, na wengi wanalia. Cha chini ni cha kumwagia. Cha juu ni cha kujazia. Sasa ukimwaga yote, halafu cha juu kikatae kufunguka, utafanya nini?"

Zuleka alifikiri. "Gari litabaki bila oili hata tone."

"Na kesho mbuzi wako watabaki Ishiara. Fungua kwanza pa kuingizia, ndipo ufungue pa kutolea."

Cha juu kilikataa kweli. Kilikuwa hakijafunguliwa miaka na mikaka. Spana nambari ishirini na nne ilikaa juu yake nusu nusu, na Nurudin alipoinama nyuma ya gari akaivuta, iliteleza ikagonga ekseli. Alivuta tena, ikateleza tena, na safari hii ikakwangua pembe moja ya kizibo.

"Acha," fundi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na wasiwasi. "Hizo pembe zikiisha, itabidi tuchomelee nati juu yake, na mtu wangu wa kuchomelea yuko Siakago leo. Hapo siku itakuwa imekwenda."

Mzee Khalifa alitazama saa yake. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro kumi. Kwa mtu wa Nairobi bado angeweza kupiga. Hakutoa simu, lakini Zuleka, kutoka chini ya gari, aliona mkono wake ukienda mfukoni na kubaki huko.

Alikisogelea kizibo mpaka pua ikakaribia kukigusa. Kwa miaka miwili alikuwa amesugua pikapu hii kila pembe, na alijua mahali uchafu unapopenda kukaa. Pale kizibo kilipokutana na difu palikuwa na duara la matope yaliyokauka na mafuta, gumu kama saruji. Lilikuwa limeinuka kiasi kwamba spana haikuweza kuingia mpaka mwisho.

"Fundi, spana haijashika yote," alisema. "Kuna udongo huku chini. Nipe msumari na burashi."

Fundi Felicitas alichungulia, akatumbukiza kidole. "Macho yangu yamezeeka," alisema tu, akaagiza msumari, burashi ya waya na dizeli kidogo kwenye mkebe.

Zuleka alikwaruza. Vumbi lilimwingia machoni, dizeli ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, mkono ukafa ganzi. Alikwaruza kila pembe kati ya zile sita, akasugua kwa burashi, akapangusa kwa kitambaa, akarudia. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza, spana iliingia yenyewe na kugota mwisho. Akaishika kwa mikono miwili isitoke. Nurudin akachomeka bomba refu kwenye mpini wake, na Mzee Khalifa, akiwa na kanzu yake safi ya bucha, akapiga magoti kwenye vumbi akashika bomba pamoja naye.

"Polepole," alisema fundi. "Msivute kwa hasira. Haya."

Kilitoa mlio mmoja mkavu, na spana ikazunguka. Zuleka alicheka kwa sauti pale pale chini ya gari. Furaha ilimjaa kifuani mpaka akasahau kwamba alikuwa mkosaji.

Sasa wakafungua cha chini. Fundi aliweka beseni, na kilichotoka hakikuwa oili. Kilikuwa kizito na cheupe cheupe, kama chai ya maziwa iliyosahauliwa sufuriani tangu asubuhi. Kikatoka, kikatoka tena. Mzee Khalifa alichuchumaa akakitazama. Ushahidi ulikuwa umejaa beseni.

Fundi Felicitas alikuwa akitazama kitu kingine. Kizibo cha chini kilikuwa na sumaku ndogo ya kunasa vipande vya chuma. Alikipangusa kwa kidole, akasugua ule ute wa kijivu kati ya vidole viwili, akauinua kwenye mwanga wa jua. Zuleka alisogea karibu kutazama.

"Hakuna kipande," alisema fundi hatimaye. "Ni unga tu, na huo ni wa kawaida. Meno yako sawa. Wiki moja zaidi yangeshika kutu, na Ndwiga angekuwa amesema kweli."

Hawakumaliza hapo. Walifunga chini, wakatia oili ya kusuuzia, Nurudin akaenda na gari polepole mpaka njia panda na kurudi, wakaimwaga. Ilitoka rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Wakasuuza tena, ikatoka safi. Gari liliposimama, Zuleka alikitoa kile kibomba cha kupumulia na kukizibua kwa waya. Tope jekundu la njiani lilitoka ndani yake kama kizibo cha chupa. Alimwonyesha babake tope hilo bila kuambiwa. Yale machafu yote ya beseni fundi aliyamwaga kwenye pipa lake la oili kuukuu, wala si kwenye mtaro.

Ndipo oili mpya ikaja, ya rangi ya asali. Fundi alipiga pampu ya mkono na Zuleka akashikilia mpira kwenye tundu la juu.

"Nitajua imejaa vipi?" aliuliza.

"Difu itakuambia yenyewe. Ikianza kurudi nje kidogo, imeshiba."

Lita mbili na zaidi ziliingia. Kisha utepe mwembamba ukachungulia kwenye ukingo wa tundu na kuteremka taratibu. "Imeshiba," alisema Zuleka, akafunga kizibo, na fundi akakikaza kwa mara ya mwisho.

Walipanda wote wanne, Zuleka na Nurudin nyuma. Mzee Khalifa aliwasha gari akashika kilima kile kile. Gia ya pili, gia ya tatu. Walikuwa wameinamisha vichwa wakisikiliza kama watu walio msikitini. Kulikuwa na injini, upepo, na baiskeli ya mtu iliyolia kengele. Nyuma, chini, hapakuwa na kitu. Mzee Khalifa alifika juu ya kilima, akasimamisha gari, akashusha pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi," alisema. Fundi Felicitas, ambaye alikuwa Mkristo wa kanisa la juu ya barabara, aliitikia, "Amina."

Jumanne saa kumi alasiri watu walikuwa wameshakusanyika kwenye lango la Mzee Khalifa. Habari ya difu ilikuwa imezagaa mtaani, na Ndwiga alikuwa amewaapia watu kwamba gari hilo halingevuka Siakago, njiani kwenda Ishiara. Zuleka alitoka shuleni mbio, sare imejaa vumbi, akakuta macho yote yametazama barabarani.

Walizisikia sauti za mbuzi kabla hawajaiona pikapu. Ikakata kona, Nurudin kwenye usukani, Mzee Khalifa kando yake, na nyuma mbuzi kumi na wanne wamesimama, vichwa juu, wakipiga kelele kana kwamba wao ndio walioitengeneza. Watoto wakaikimbilia. Bi Asmaa, mama mkubwa wa mtaa, alipiga vigelegele. Ndwiga alizunguka nyuma ya gari, akainama kutazama difu, akainuka.

"Mzee, ekseli imefika lini?" aliuliza.

"Ni ile ile," alijibu Mzee Khalifa.

"Nani aliitengeneza?"

Mzee Khalifa alishuka. Aliwatazama watu, kisha akamtafuta binti yake kwa macho mpaka akamwona. Zuleka alitamani kujificha. Alijua kwamba babake hangesema nusu ya jambo.

"Fundi Felicitas na huyu Zuleka," alisema. "Yeye kwanza ndiye aliyeiharibu. Akaiingiza mtoni kukwepa kazi, mto ambao watu wa chini wanachota maji ya kunywa. Halafu akanyamaza siku mbili gari likilia. Halafu jana akasema, mbele ya watu, na mimi nikiwa nimetoka kumsifu. Halafu akalala chini ya gari akaitengeneza kwa mikono yake." Akafuta vumbi usoni. "Wengi wetu tunaishia pale pa kuharibu na kunyamaza. Mimi mwenyewe nimewahi kuishia hapo."

Watu walicheka, lakini kwa upole.

Akamwendea na kusimama mbele yake. "Sikiliza, mwanangu. Gari likikaguliwa na mimi linaweza kunidanganya. Lilikuwa likimeremeta juu, na tumbo lake limejaa maji. Nimejifunza kwamba usafi ninaoutaka kwako hauko kwenye bodi. Kosa lako lilikuwa kubwa, lakini lilisemwa wakati bado lilikuwa linatengenezeka. Ungengoja wiki moja, ungesema ukweli ule ule na usingetusaidia kitu. Ukikosea tena, na utakosea, njoo kwangu meno yakingali mazima."

"Nimekusikia, Baba," alisema Zuleka. "Nisamehe."

"Nilikusamehe jana, ulipofungua kizibo. Sikutaka kukuambia usije ukaacha kukaza."

Akafungua mlango wa nyuma wa pikapu, akateremsha mbuzi wa kwanza, dume jeusi lenye kifua kipana, akampa Zuleka kamba. "Huyu ni wa Bi Asmaa. Aliniambia Jumanne alasiri. Mpeleke wewe."

Zuleka aliishika kamba kwa mkono uliokuwa bado na weusi wa oili chini ya kucha. Umati ukampisha njia. Akapita katikati yao na mbuzi wake, akavuka barabara hadi kwenye lango la Bi Asmaa, ambaye alikuwa amekimbia mbele ili awe nyumbani kumpokea.

"Asalaam aleikum," alisema Zuleka. "Mbuzi wenu amefika."